Tao la Mbao, Ukuta wa Mawe

Maalim zangu, mafundi wenzangu, vijana mliokuja na madaftari, na nyinyi wazee mliochagua viti vya nyuma ili mkichoka mtoke bila kuonekana, karibuni.

Nimeweka vitu vitatu hapa mezani. Cha kwanza ni upinde huu mwembamba wa mninga. Nimeukata jana usiku kwa ruta kutoka ubao mmoja, bila mshono, na ukiupitishia kidole hukutani na kovu hata moja. Cha pili ni upinde wa ukubwa huohuo, ila huu una mishono minne inayoonekana hata kutoka mlangoni. Cha tatu ni kipande cha plaiwudi chenye mistari ya penseli. Anayefagia ukumbi huu alitaka kukitupa, nikamuwahi.

Sasa tazameni. Huu mzuri nausimamisha kwa ncha moja juu ya meza na kuukandamiza kwa kiganja. Mmesikia wenyewe. Umekatika karibu na mguu, na nguvu niliyotumia ni ile ya kufunga sanduku lililojaa nguo. Huu wenye mishono nampa kijana wa mstari wa mbele aukalie. Kaa tu, usiogope.

Ruta iliyokata ni moja, kisu ni kimoja, na mbao zimetoka gogo moja. Tofauti iko kwenye nyuzi. Mbao ni kama fagio la chelewa: ukilivuta kwa urefu hulikati, lakini ukizichambua chelewa ubavuni zinaachana moja moja. Ukichora tao juu ya ubao mmoja mpana, pale kileleni nyuzi zinakwenda sawa na tao. Ukishuka mguuni, tao limesimama wima na nyuzi zimelala. Hapo hamna mbao tena, pana chelewa fupi fupi zilizoshikana kwa ubavu. Mashine haikuliona hilo, kwa sababu mashine haioni. Ilikata laini kileleni na ikakata laini mguuni, na ulaini huo ndio ulionidanganya mimi miaka yangu ya kwanza, na naona unaendelea kuwadanganya vijana wengi wa leo walionunua ruta kabla ya kununua subira.

Ukitoka hapa ukapita Hurumzi, ukazunguka Kiponda na kushukia Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, utakutana na milango ya nakshi ya kila namna. Wageni huiita yote kwa jina moja, kana kwamba ilizaliwa siku moja. Lakini angalieni vichwa vyake. Ile ya zamani zaidi kichwa chake kimenyooka: miimo miwili, kizingiti cha juu kizito kilichochorwa maua na mnyororo, basi. Kichwa cha nusu duara kilienea baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, na ndani yake mnauona mkono wa mafundi wa Kihindi. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi uhamishoni Bombay baada ya kugombania kiti na ndugu yake Majid, na mji aliourudia haukuachwa kama alivyoukuta. Jumba la Beit al-Ajaib lilisimama mwaka 1883. Miaka michache baadaye tajiri Tharia Topan akaanza lile jengo la hospitali pale Malindi, mbele ya bahari, lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi. Mji ukazoea mstari uliopinda.

Kwa seremala, zoea hilo lilikuja na deni. Kizingiti kilichonyooka kinatoka mtini kikiwa tayari: unapasua gogo, unapiga randa, unachora. Nusu duara haimo mtini. Hakuna mvule uliokua duara.

Hapa Unguja, wa kwanza kulilipa deni hili hawakuwa watu wa milango. Walikuwa waunda vyombo. Nendeni Nungwi mkamtazame fundi wa jahazi anapotafuta mataruma, zile mbavu zinazoshika mbao za ubavuni. Hachukui ubao mpana akachora mbavu. Anazunguka mashambani akiangalia miembe na mifenesi, shingo juu kama mtu anayetafuta nyuki, mpaka aone tawi lililojipinda kwa kadiri anayoitaka. Tawi lile nyuzi zake zimepinda nalo tangu lilipokuwa kijiti. Akilitoa na kulichonga kwa tezo, pindo la taruma na pindo la nyuzi ni kitu kimoja, na ndiyo maana chombo kinapigwa na mawimbi ya kusi miaka na miaka na mbavu hazivunjiki. Mimi nikiulizwa skuli bora ya tao iko wapi, siwaelekezi mjini, nawaelekeza Nungwi.

Kuna mwenzangu atasema: samaki mkunje angali mbichi, kwa nini tusikunje mbao? Kukunja kupo. Mbao nyembamba ikilowekwa au ikipigwa mvuke inakunjika, na viti vingi duniani vimetengenezwa hivyo. Lakini fremu ya mlango wa Mji Mkongwe ina unene wa inchi nne. Mkunje mkunjavyo, mvule wa inchi nne utawakunja nyinyi.

Na matawi yaliyojipinda nusu duara kamili, ya mvule, mawili yanayofanana? Hayo yapo ndotoni. Kwa hiyo seremala wa mlango hana budi kuunga vipande. Anavipanga hivi kwamba katika kila kipande nyuzi zinafuata tao kwa karibu, na pale zinapoanza kuliacha, kipande kinakwisha na kingine kinaanza. Ule mshono mnaouona kama aibu ndio unaomfanya kijana wetu asianguke.

Niwape hesabu, kwa sababu bila hesabu huu utakuwa ni uganga. Tuseme nafasi ya mlango ina upana wa sentimita 120, kichwa ni nusu duara kamili, na uso wa fremu una upana wa sentimita 12. Maana yake tumbo la tao lina nusu kipenyo cha sentimita 60 na mgongo wake 72. Ukiunga vipande vitatu, kila kimoja kitahitaji ubao wenye upana wa sentimita 20. Hiyo ni mbao ya inchi nane, na hubakiwi na kitu cha kupiga randa. Ukiunga vinne, inatosha sentimita 16 na nusu na kitu kidogo. Ukiunga vitano, karibu sentimita 15, na hapo mbao ya inchi sita inakubali, kwa shida. Vipande vingi vinataka mbao nyembamba zaidi, nayo nyembamba ni rahisi kupatikana na nyuzi zake hazipotoki sana. Ila kila kipande kinakuongezea mshono wa kukata kwa usahihi. Kwa vitano, kila kichwa cha kipande kinakatwa kwa pembe ya digrii 18. Ukikosea nusu digrii tu kila kichwa, ukija kumaliza tao lako limekosa digrii tano, na miguu haikai juu ya miimo.

Mimi nachagua vitano, na sababu yangu siyo bei ya mbao peke yake. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu wake karibu haibadiliki. Ukiijenga fremu wakati wa masika mbao ikiwa imeshiba unyevu, kaskazi likianza kupuliza inasinyaa, na mishono inafunguka upande wa tumbo, pale ambapo kila anayeingia anapaona. Pembe ikiwa kali, ufa ni mpana. Tao la vipande vitatu linacheka meno nje. La vitano linatabasamu kidogo tu.

Tena si safu moja. Unene wa inchi nne naugawa safu mbili za inchi mbili mbili, na safu ya pili inapangwa ili katikati ya kipande chake ikalie mshono wa safu ya kwanza, kama mwashi anavyopanga tofali. Hapo gundi inashika ubavu kwa ubavu, sehemu ambayo gundi inapenda. Kichwa cha ubao ni kama mdomo wa mrija, kinainywa gundi yote na hakishiki chochote. Wazee walitia ulimi na tundu kwenye kila mshono, wakapigilia vigingi vya mti mgumu. Mwenye wakati afanye vyote viwili.

Tufike kwenye ruta sasa, maana najua vijana wengine mmekuja kwa ajili yake.

Ruta ni mota iliyosimamishwa wima, chini yake ina kisu kinachozunguka mara 10,000 kwa dakika zikiwa chache, na nyingine zinapita 20,000. Peke yake haijui tao ni nini. Inakwenda popote mkono unapoisukuma, na mkono wa binadamu hauwezi kuchora duara, hata wa mchoraji. Kwa hiyo tunaifunga. Tunaondoa kile kitako chake cha plastiki, tunatia badala yake ubao mwembamba wa plaiwudi, mrefu kama mkono, na kwenye ncha ya mbali tunatoboa tundu la msumari. Msumari unapigwa kwenye kitovu cha duara, ruta inazunguka. Ni bikari ileile ya skuli, isipokuwa penseli yake inauma.

Kabla ya hapo mafundi walifanya nini? Kamba, msumari na kipande cha mkaa. Walichora kwa kamba, wakakata kwa msumeno mwembamba, wakafuata kwa patasi, tupa na msasa, siku mbili tatu kwa tao moja. Kamba inanyooka ukiivuta sana na inalegea ukiivuta kidogo, ndiyo maana katika milango ya zamani hukuti nusu duara mbili zinazolingana hata kwenye nyumba moja. Macho ya mgeni yanasema hiyo ni nakshi ya mkono. Mimi nasema ni kamba.

Kuna mambo kwenye mkono wa ruta ambayo nilijifunza kwa hasara, nawapa bure. La kwanza ni unene wa kisu. Kisu changu kina milimita 12. Nikitaka tumbo la tao liwe na nusu kipenyo cha sentimita 60, napima kutoka msumarini hadi upande wa mbali wa kisu, kwa sababu mbao ninayoibakisha iko nje. Nikitaka mgongo wa sentimita 72, napima hadi upande wa karibu wa kisu, kwa sababu ninayoibakisha iko ndani. Mwaka wa kwanza nilipima yote kwa upande mmoja. Tao likatoka zuri sana na jembamba kwa milimita 12, na miimo ilikuwa imeshachongwa. Lile tao sikulitupa. Limekuwa dirisha la banda la kuku, na kuku wangu ndio wenye dirisha la fahari kuliko wote mtaani.

La pili ni njia ya kwenda. Ukiiangalia kutoka juu, ruta inazungusha kisu kufuata mshale wa saa. Mgongo wa tao unakatwa kwa kwenda kinyume cha saa, tumbo linakatwa kwa kwenda na saa. Hivyo kisu kinapambana na mkono wako, na mkono unabaki bwana. Ukigeuza njia, kisu kinashika mbao na kukimbia nayo kama mbuzi aliyekata kamba. Na usikate kina chote kwa mara moja. Kwanza unatoa nyama kubwa kwa msumeno ukiacha milimita mbili tatu nje ya mstari, kisha ruta inashuka milimita tano au sita kila mzunguko. Ikisimama mahali pamoja hata kwa pumzi moja, mbao inaungua na kupata doa jeusi ambalo msasa utakulaani kwalo.

La tatu linarudi kwenye nyuzi, maana kila kitu katika kazi hii kinarudi kwenye nyuzi. Katika kila kipande cha tao, ruta inapita nusu ya njia ikiwa inazilaza nyuzi na nusu ya njia ikiwa inaziinua. Kwenye mgongo, kutoka katikati ya kipande kwenda kichwani ndiyo njia ya kulaza. Kwenye tumbo ni kinyume chake, kutoka kichwani kuja katikati. Pale inapoinua, inaweza kumega kipande kizima kwa ghafla, na nakshi yako ikapata pengo. Dawa ni mzunguko wa mwisho uwe mwembamba mno, nusu milimita, na kisu kiwe kikali. Mvule haumhurumii mwenye kisu butu. Mara nyingi ndani yake mna chembe za mawe, chokaa ngumu ambayo mti wenyewe umeiweka ndani yake ulipokuwa hai, na kisu kikikutana nayo unaona cheche. Na vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua. Nawaona vijana wanaovaa kitambaa puani wakiwa na ruta, na nawaona wanaoona haya kuvaa. Hao wa pili nawasikia wakikohoa usiku.

Si kila tao ni nusu duara. Hoteli za Paje na Kiwengwa zinapenda tao lililolala, kama nyusi. Hapo kitovu hakipo kwenye mstari wa mabega, kiko chini zaidi, na lazima ukitafute. Chukua nusu ya upana, uizidishe yenyewe kwa yenyewe. Chukua kimo cha tao, ukizidishe chenyewe kwa chenyewe. Jumlisha, kisha gawa kwa kimo mara mbili. Upana wa sentimita 120 na kimo cha 20: 3,600 na 400 ni 4,000, gawa kwa 40, unapata nusu kipenyo cha sentimita 100. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Lakini karakana zetu za mjini ni nyembamba, na tao likilala zaidi mkono wa bikari unatoka nje ya mlango na kuingia kwa jirani. Kuna njia isiyotaka kitovu. Piga misumari miwili kwenye mabega ya tao. Chukua fito mbili, zikutanishe pale kileleni kila moja ikigusa msumari wake, kisha zifunge hivyo pembe isibadilike. Tia penseli kwenye kona na uzitelezeshe fito huku zikiendelea kugusa misumari. Penseli itachora tao kamili la duara ambalo kitovu chake huenda kiko barabarani. Hii ni jometri ya Wayunani, walioishi kabla ya Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na bado inatusaidia tusigombane na jirani.

Hadi hapa nimezungumza kama mtu wa ukuta mpya. Ukuta wa bloku uliojengwa juzi kwa pimamaji unakubali tao la bikari, unaliweka na kuondoka. Ukuta wa Mji Mkongwe ni jambo jingine.

Siku hizo nilikuwa nimenunua ruta yangu na ninatembea barabarani kama mtu aliyeoa. Nikaitwa nyumba moja Kiponda, fremu ya zamani imeliwa na mchwa, wanataka mpya. Nikapima upana: sentimita 118. Nikapima kimo: 57. Nusu ya 118 ni 59, nikajiambia hizi mbili zilizopungua ni plasta tu, au ni mimi nimeshika futi vibaya. Hii ni nusu duara. Nikakata nusu duara ambayo ungeweza kuipeleka maonyesho. Tukaibeba watu wanne, tukaipandisha. Bega la kushoto likakaa. La kulia likabaki hewani kwa vidole viwili, na juu kidogo upande wa kushoto fremu ikagota ukutani na kukataa kuingia. Bibi wa nyumba ile alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Hakuinua hata uso. Akasema, "Fundi, tao hilo umelileta kukaa, au limekuja matembezi?"

Ukuta ule ulikuwa na kila haki ya kupinda. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzito, unene wa mkono mzima, juu ya msingi ambao haukwenda mbali. Umekaa miaka zaidi ya mia. Umeshuka upande mmoja, ukavimba mwingine, umepokea boriti mpya na kuachwa na boriti za zamani. Tena tao lake la mawe halikuwa duara hata siku lilipozaliwa.

Kwa nini? Kwa sababu tao la mawe halisimami lenyewe mpaka jiwe la mwisho liingie. Kabla ya hapo linalala juu ya kalibu ya mbao, na kalibu hiyo anaikata seremala. Hili watu hulisahau wanapowasifu waashi. Matao ya Mahakama Kuu pale Vuga na ya Beit al-Amani ya 1925, kazi za yule Mwingereza John Sinclair, yalianza yakiwa mbao. Kanisa la Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga pale palipokuwa na soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, limeezekwa kwa tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa, la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wengi waliamini litaanguka. Halikuanguka. Lakini kabla ya kuwa saruji, umbo lile lilishikwa na mbao, na mbao zikiondolewa hakuna anayezikumbuka. Na seremala wa nyumba ya kawaida ya Kiponda hakukata kalibu ya maonyesho. Alikata kwa kamba, kwa haraka, mbao za bei ndogo, kwa sababu wiki inayofuata zitakuwa kuni. Ukuta ulinakili makosa ya kamba yake na ukayahifadhi mpaka nilipokuja mimi na ruta.

Kwa hiyo kazi ya pili pale Kiponda nilianza na kitu hiki cha tatu, hiki kipande cha plaiwudi kilichoponea ufagio. Mafundi tunakiita kigezo. Nililikata plaiwudi dogo kuliko nafasi, nikalisimamisha ndani ya tao. Nikafunga bikari kwa upana wa sentimita 5, ncha moja ikitambaa ukutani, penseli ikiandika kwenye plaiwudi, kutoka bega hadi bega. Kila kilema cha ukuta kikaandikwa. Karakanani nikalilaza plaiwudi juu ya ubao mkubwa, nikarudisha sentimita 5 zilezile kwenda nje. Nikapata ukuta wa Kiponda juu ya meza yangu.

Mstari huo haukuwa laini. Ulikuwa na vinundu vya plasta na mashimo ya mawe. Hapo ndipo fundi anaamua, na hakuna mashine ya kumuamulia. Nilichukua ufito mwembamba usio na fundo, nikaukunja juu ya misumari kuufuata ule mstari, kisha nikang'oa msumari mmoja mmoja pale ufito ulipoonekana kulazimishwa. Ufito unapokunjwa kwa hiari yake hautengenezi nundu. Vinundu vikafutika, kuegemea kukabaki. Tao likawa limelalia kulia kama mtu anayesikiliza, na ni laini mwanzo hadi mwisho. Kwenye kigezo kilichopatikana hapo nikapitisha ruta, safari hii bila mkono wa bikari. Kisu chake kina beringi ndogo kwenye ncha, beringi inatambaa kwenye kigezo na kisu kinakata mbao kukifuata. Saa moja, kazi ikaisha. Kigezo kilikuwa kimenichukua siku nzima.

Fremu ile iliingia kwa kusukumwa na watu wawili. Tuliacha nafasi ya sentimita moja pande zote, mwashi akaijaza chokaa. Nilimkataza saruji. Ukuta wa chokaa unavuta na kutoa unyevu kama mtu anavyopumua, na saruji inamziba pumzi. Maji yakikosa njia yanaingia kwenye mbao, na mchwa wanafuata.

Kigezo kina faida nyingine ambayo niliijua kwa taabu. Wengi wenu mnakumbuka Disemba 2009, waya wa umeme unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba, ule wa tangu 1980, ulipotuacha gizani mpaka Machi. Miezi mitatu kisiwa kizima. Mwaka uliotangulia huo, 2008, ulikuwa umeshatuonjesha kwa karibu mwezi. Ruta yangu ikawa jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. Waliokuwa na jenereta walikata kwa bei ya petroli. Mimi nilikuwa na vigezo ukutani, na kigezo hakiulizi anayekifuata ni nani. Nikavifuata kwa msumeno, patasi na randa, polepole, lakini umbo lilikuwa lilelile. Tangu hapo kila tao ninalolitengeneza kigezo chake nakitundika, na nyuma yake naandika mtaa na mwaka. Sasa nina ukuta mzima, na nikiutazama naona Kajificheni, Sokomuhogo, Mkunazini, kila nyumba na namna yake ya kuegemea. Nyumba mbili kati ya hizo hazipo tena, zimeanguka. Matao yake yamebaki kwangu, kwenye plaiwudi.

Vijana mnaosoma Mbweni, pale Taasisi ya Karume, mtaniambia kwamba siku hizi kuna mashine inayokata yenyewe kwa kompyuta, huhitaji bikari wala ufito. Nimeiona, ni nzuri, nisingekataa zawadi yake. Lakini nayo inataka kuambiwa umbo, na mtakapoiambia nusu duara ya sentimita 59 itawakatia hiyo, kwa usahihi wa kutisha, na bibi wa Kiponda atawauliza swali lilelile.

Nimesema sana. Mlango wa ukumbi huu, ule mliopitia wote, una kichwa cha tao. Asubuhi kabla hamjafika niliupima, na bega la kulia liko chini ya la kushoto kwa sentimita mbili na nusu. Msinikubalie. Kijana uliyekalia upinde, inuka sasa, uuache hapo kitini, njoo ushike ncha hii ya kamba. Mzee wa kiti cha nyuma aliyetaka kutoka, wewe uko karibu na mlango. Tafadhali shika ile nyingine.